Kitenzi cha Ukurasa wa Mwisho

Hukumu ilikuja kwa Kiingereza, kurasa kumi na tisa,
na mimi, karani wa masjala hapa Moshi,
nikapewa siku tatu niigeuze
ili Mama Ndeonasia wa Kibosho aelewe
miaka kumi na mmoja imemletea nini.

Nilikwenda vizuri hadi ukurasa wa mwisho.
Pale kitenzi kimoja kikalala katikati ya sentensi
kama ng'ombe barabarani:
prevail.

Nikaandika "ameshinda". Nikafuta.
Ushindi una kombe, una mtu kabebwa mabegani.
Nikaandika "ametamalaki", nikacheka peke yangu:
mjane mwenye migomba arobaini, atamalaki nini?
"Amefua dafu" ningefukuzwa kazi.

Kamusi niliyoachiwa na Padri Tesha,
jalada limeliwa na mende,
ikanishika mkono ikanirudisha Rumi.
Zamani, ikasema, palikuwa na "mbele",
na palikuwa na "kuwa na nguvu", wakaoana.
Nikatafuta upanga ndani yake, sikuuona.
Nguvu tu, ile ya mtu aliyeamka mzima.
Katika ukoo huo huo wamo thamani,
na uhalali wa hati,
na mgonjwa anayeanza kuomba uji.
Hata Warumi wakiagana walitamka kipande chake:
uwe na nguvu. Ndiyo kwaheri yao.
Na neno zima husemwa pia juu ya upepo,
ule unaovuma siku nyingi kuliko wenzake,
hata kama hauezui bati.

Umeme ukakatika Majengo yote. Nikalala bila neno.

Siku ya kusomewa walifika saa moja asubuhi,
yeye na shemeji yake Melkiori,
aliyeng'oa masale ya mpaka usiku wa mvua
akayapanda upya hatua sita ndani ya kihamba cha marehemu.
Jaji alikuwa na kikao Arusha.
Wakangoja benchi moja,
maana ukumbi wetu una benchi moja,
yeye ncha hii, yeye ncha ile,
jua likiwapitia wote miguuni.

Saa tisa na nusu nikasoma.
Nilipofika pale koo likakauka,
nikatoa lile lile nililolifuta:
"Mrufani ameshinda."

"Ndiyo," akasema, "nimeshinda hapa tangu asubuhi.
Na njaa. Lakini mimi nauliza habari ya masale."

Watu wakacheka. Mimi nikabaki na karatasi mkononi.
Kumbe tulikuwa nalo siku zote,
tunapeana kila jioni kama chenji:
umeshindaje?
Anayeuliza hataki kujua umemwangusha nani.
Anataka kujua kama jua limekuacha
pale lilipokukuta, umesimama.
Hivyo ndivyo alivyoishinda miaka yake:
mikungu ya mchare aliyoiuza kwa nauli,
faili lililopotea mara mbili,
wakili aliyefariki kabla ya Pasaka,
na kesho yake tena, kanga ile ile, mlangoni.

Nikamwambia masale yatarudi mahali pake.
Akaitikia kwa kidevu.

Melkiori hakuinua uso.
Alikuwa ameshindwa, na alikuwa ameshinda,
benchi lile lile, njaa ile ile,
na lugha yetu haikuona ajabu.

Mama akafungua kikapu.
Ndizi moja ya kuchoma aliyoiwekea hukumu,
iwe tamu au chungu,
na maji, chupa shinda.
Akaivunja ndizi. Nusu akaiweka ubaoni kati yao,
bila kumtazama,
pale ambapo pangeota isale
kama benchi lingekuwa udongo.

Kama aliila, sijui.
Niliitwa masjala kugonga muhuri.