Kutu Haifutwi

Bwana Inokuma alifika kwa treni ya saa nne,
theluji mabegani, soksi safi mkobani
za kubadilisha mlangoni. Nikampenda kwa hilo.
Chai akaikataa. Baadaye, alisema,
pumzi peke yake yatosha kuharibu chuma.
Akabana karatasi kati ya midomo
kama mtu aliyeapa kutosema.

Panga tatu. Kichwa kimoja cha mkuki.
Visahani vya kukingia mkono, kumi na kimoja,
ndani ya kopo la biskuti.
Na bunduki ya utambi isiyo na cheti,
ambayo kaka yangu Tokuji alisema tuifiche,
nami nikasema tuipeleke polisi,
tukanuniana tangu msiba hadi Machi.

Baba aliuza tofu.
Alfajiri mikono yake ilikuwa majini, myekundu kwa baridi;
na kila mwisho wa mwezi mikono ileile
ilipaka mafuta ya karafuu, tone kwa tone,
juu ya upanga mrefu, ule aliosema
umesainiwa na fundi aliyewahudumia mabwana wa ngome.
Msiuguse, utawajua.
Tulikua tukiamini kabati lina macho.

Mthamini akagonga kigingi cha mwanzi,
kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Mpini ukachomoka.
Mkia wa upanga ukabaki uchi mbele yetu,
mweusi, umevaa kutu ya miaka mia nne,
nami, mtu wa usafi, nikanyoosha mkono wenye kitambaa.
"Hapana!"
Karatasi ikamdondoka mdomoni.
"Makali husuguliwa, mama. Hii haifutwi.
Umri wake tunausoma hapa."
Akasoma. Muda mrefu, kama asomaye barua
iliyoletwa nyumba isiyo yake.

Saini ni ya bandia.
Alilisema chini chini, kichwa kimeinama,
utadhani yeye ndiye aliyeichonga.
Fundi ni mwingine, wa mkoani, asiyejulikana;
mtu fulani, zamani, alimbandika jina la mkubwa
ili bei ipande. Upanga ni mzuri, akasema.
Jina ndilo si lake.
Akaandika tarakimu, akaigeuza karatasi inielekee.
Robo ya paa. Labda na mfereji wa mvua.

Tokuji akacheka, kile kicheko chake cha puani.

Chini ya kitambaa cha hariri, sandukuni,
palikuwa na karatasi nyingine, imekunjwa mara nne.
Mthamini wa Kanazawa, marehemu bila shaka,
tarehe ya mwaka niliozaliwa mimi.
Maneno yaleyale: saini si ya kweli.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa baba:
deni la magunia ya soya, ada ya mkunga,
bei ya upanga. Akatoa, akajumlisha.
Kisha mstari mmoja, mzito, juu ya hesabu yote.

Kumbe alijua.
Nina miaka hamsini na minane; mara kumi na mbili
ni mia sita tisini na sita.
Mara zote hizo, bila kuambiwa na mtu,
alimpaka mafuta fundi asiye na jina.

Tuliuza. Sitawadanganya.
Kitanda cha mama katika nyumba ya wazee
hudai kila tarehe tano, nacho hakijui heshima.
Inokuma alihesabu noti, akajaza fomu za daftari,
ndipo akanywa chai, tena vikombe viwili,
akatafuna figili ya kuchachua kwa kelele.
Upanga aliubeba kwa mikono miwili hadi kituoni,
mkoba ukining'inia shingoni kama wa mwanafunzi.

Jioni nikamweleza mama. Hakuuliza bei.
Hakuuliza saini.
"Mliupaka mafuta kabla haujaondoka?"
Nikasema ndiyo.

Chupa iko rafuni kwangu, nusu imejaa.
Sijaifungua.