Mstari Mweupe

Kemijärvi. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Eskaveta imepiga magoti kando ya daraja lisiloisha,
mkono wake umekunjwa, na chini ya kiwiko
theluji imegeuka rangi ya chai ya strungi.

Onni, mwezi wa pili kazini, anavua glovu.
Anataka kuupapasa mpira, autafute uvujaji kwa kidole,
kama mzazi anayepima homa ya mtoto.
"Mkono!"
Sauti ya Aune inagonga chuma na kurudi.
Anamtupia kipande cha boksi la maziwa.
"Pitisha hicho. Tundu la sindano huna jicho la kuliona,
na oili itokayo humo hupita ngozi
kama vile ngozi haikuwahi kuwepo.
Muulize Veikko vidole vyake viko wapi.
Vitatu vilibaki hospitali, Rovaniemi,
na mwanzo wake ulikuwa kidoa tu,
ungedhani kaumwa na mbu.
Mbu, mwezi wa Januari."

Boksi linalowa penye kiwiko. Ndipo hapo.

Wanaulaza mkono, ndoo ikae ardhini.
Injini kimya. Levi mbele, levi nyuma, tena na tena,
hadi presha iliyojibanza ndani iishiwe pumzi.
"Iliyozimwa siyo iliyolala," anasema Aune.
"Pengine imefumba macho tu."

Nati zinalia. Midomo ya bomba inazibwa upesi kwa plastiki,
maana punje moja ya mchanga ikiingia
itasafiri hadi kwenye pampu na kula kama mgeni asiyeaga.
Mpira unatoka mkavu, mkakamavu, samaki wa kuanikwa,
nyuzi zake za chuma zimechungulia nje, zina kutu.

Onni anauinua kwenye taa.
Mstari mweupe, ule uliochapwa kiwandani,
ulipaswa kunyooka toka nati hadi nati.
Huu unapanda mgongoni, unashukia tumboni,
unazunguka kama ngazi za mnara.
"Nani huyu?" anacheka. "Kausokota, kisha akakaza!
Mpira umekuwa ukijinyonga tangu siku ya kwanza."

Aune anakwangua grisi kwenye kibati.
Novemba kumi na tisa, mwaka juzi.
Herufi mbili: A.K.

Angeweza kuisingizia baridi.
Baridi haina wakili.
Angeweza kukitia kibati mfukoni,
na kijana asingejua, na daraja lingejengwa.
Anaikumbuka jioni ile: simu ikilia ndani ya koti,
dada yake, na nyumba ya mama, na bei ya nyumba ya mama;
spana moja mkononi,
na ile ya pili, ya kuuzuia mpira usifuate nati,
iko garini, hatua ishirini.
Hatua ishirini, na giza, na simu.

"Mimi," anasema.

Kicheko cha Onni kinakatika.
Jenereta peke yake ndiyo inayoendelea kuongea.

Mpira mpya wameukata jana, wakaubana vichwa kwa mashine,
wakaupuliza ndani hadi ukapiga mluzi safi.
Sasa wanauvisha taratibu, ukiachiwa ulegevu kidogo,
kwani mkono ukinyooka nao utadai urefu wake.
Aune anampa Onni spana ya pili.
"Kazi yako ni kukataa.
Nati ikitaka kuondoka na mpira, wewe sema hapana."
Onni anasema hapana kwa mikono miwili.
Mstari unabaki umenyooka.

Injini inakohoa. Mkono unapanda, unashuka.
Boksi la maziwa linapitishwa kiungo kwa kiungo,
linatoka kavu.
Kwenye kibati kipya Onni anaandika tarehe, jina lake,
anasita, kisha anampa Aune kalamu.

Spana ya pili, Aune anairudisha garini mwenyewe.
Anazihesabu hatua.
Ni kumi na saba.