Gunia la Tano

Mwalimu Tweve hakuwa na ubao wa grafu.
Alikuwa na dirisha.
Asubuhi za Matamba, mwezi wa saba,
ukungu ukiingia darasani bila hodi
na kukaa nasi madawati ya mbele,
vioo vililowa kwa pumzi zetu,
naye akachora humo kwa kidole.
Fremu ya wima ikawa mhimili wa y,
ya chini mhimili wa x,
na kwenye pembe, palipobanduka rangi, sifuri.

"Nukta moja haina habari," alisema.
"Mtu akikwambia njia ni kali
muulize: kutoka wapi, mpaka wapi?"
Tofauti ya y juu, tofauti ya x chini,
gawanya. Huo ndio mteremko.

"Mbona mteremko, na sisi tunapanda?"
"Aliyeupa jina alikuwa anarudi kwao."

Lusungu, mtoto wa dereva, akanyoosha mkono.
"Na kona za Chimala, mwalimu?
Hamsini na saba. Lori linaenda kulia, linarudi kushoto,
utingo anaruka na gogo la kuzuia tairi.
Mstari gani huo?"
Tulicheka. Mwalimu hakucheka.
Akaweka nukta chini ya kioo: Chimala.
Nyingine juu, upande wa pili: hapa.
Akavuta kidole mara moja.
"Kona ni shida ya lori.
Mteremko hauulizi ulipita wapi."

Tone la maji likajikusanya pale Matamba,
likasita, likashuka wima hadi kwenye mbao.
"Na huo?" akauliza Lusungu.
"x haikusogea hata kidogo.
Utagawanya kwa nini, kwa sifuri?
Huo hauna mteremko, bwana. Huko ni kuanguka."

Mimi kilichonisumbua ni kikatizo.
Pale x ni sifuri, y ni ngapi?
Yaani hujapiga hatua,
hujainua jembe, hujafanya lolote:
uko wapi?
Nilidhani kila mtu huanzia
pale palipobanduka rangi.

Nyumbani palikuwa na kijidaftari cha duka la Mahenge.
Mbolea, mifuko miwili. Mbegu. Dawa ya ukungu.
Jumla elfu arobaini, na sahihi ya baba
iliyopinda kama njia ya mbuzi.
Gunia la viazi siku hizo, ukishatoa la lori
na la mbebaji, lilituachia elfu nane.
Nikasogeza koroboi, nikaandika:
y ni sawa na nane x toa arobaini.

Mstari ulianzia chini sana,
karatasi ikanishinda,
nikaunga nyingine kwa ugali wa jana.
Ukapanda nane, nane, nane,
ukakata mhimili penye tano.

"Hilo gunia la tano," baba akauliza, "la nani?"
"Si la mtu, baba. Ni la sifuri.
La sita ndilo la kwanza letu."
Akaguna. Akaweka kidole chake,
chenye udongo usiotoka kwa sabuni,
juu ya ncha ya mstari.
"Na kimkuki hiki?"
"Maana yake unaendelea."
"Mpaka wapi?"
Sikujua. Hatukuwa tumefika huko.

Sakitu ilishuka viazi vikiwa kwenye maua.
Usiku mmoja tu.
Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelala,
kama yaliyomwagiwa maji ya moto,
na mama alipita katikati ya matuta
bila kuinama, mikono nyuma,
kama mgeni aliyekuja kuangalia shamba la watu.

Tulivuna magunia manne.

Nane mara nne, toa arobaini.
Nilipeleka grafu yangu yenye kiraka cha ugali
na jibu nimelizungushia duara: hasi nane.
Mwalimu Tweve alilitazama muda mrefu
kuliko swali lenyewe lilivyostahili.
Akaweka vema, wino mwekundu, kubwa.
Chini yake akaandika:
*Sahihi. Lakini andika vipimo.*

Nikaandika: shilingi, kwa maelfu.