Isiyo na Kioo

Nilipomwambia Mama Kahambu kamera yangu haina kioo,
aliiinamia, akaichungulia puani,
akauliza: Sasa, yenyewe inajionaka wapi?

Sikuwa na jibu. Ni ndefu kama tofali,
mshikio wake umelala nyuma, kisigino cha kiatu kilicholiwa,
na dirisha la kutazamia limekaa pembeni
kama mgeni aliyepewa ncha ya benchi.
Vijana wa studio za Birere hunipigia kelele:
Nzanzu! Hiyo ni apareyi ao ni redio?

Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama,
dola mia mbili arobaini, na chaja iliyofungwa utepe.
Hakunieleza neno. Alicheka kidogo tu
alipokuwa akinihesabia betri: nne.
Nikadhani ni ukarimu.

Betri moja, picha sitini.
Na umeme wa mtaani kwetu huja saa nane usiku,
hubisha, huondoka kabla hujapata kandambili.
Nachaji kwa kinyozi, faranga mia tano kwa kichwa,
kichwa cha betri, changu nakinyoa mwenyewe.

Usinialike harusini. Nilikwenda moja, Katindo,
ukumbi wa taa za zambarau.
Bibi harusi akaingia kwa mwendo wa ngoma,
hatua mbili mbele, moja nyuma, wapambe wakimfuata.
Nikabonyeza.
Kamera ikaanza kutafuna.
Kitaa chekundu kikawaka, kikawaka,
tisa, kumi, kumi na moja,
ilipomeza bibi harusi alikwisha keti,
keki imekatwa, mjomba ameahidi mbuzi.
Na zile nilizopata, gizani mle,
nyuso zilitoka na chenga za kijani, ukuta wa choo msimu wa mvua.
Nilirudisha arubuni yote. Pikipiki nikalipa mimi.

Halafu vumbi. Tumeketi juu ya jivu la mlima,
na ukibadili lenzi njiani hakuna pazia,
moyo wake u wazi kabisa.
Sasa kila mbingu ninayopiga ina kidoa, pale pale,
juu kushoto. Nimekizoea. Namwita ndege.

Lakini asubuhi, saa moja na nusu,
mawingu yakiwa mepesi na hakuna anayekimbia,
iweke juu ya jiwe, zuia pumzi.

Niliipeleka Buhene, kwa ukuta wa Mama Kahambu,
ukuta alioujenga kwa moto uleule uliomla nyumba,
ulipopoa, akauponda kwa nyundo, akaupanga.
Sisi sote husema mawe hayo ni meusi.
Kamera ilikataa.
Ilitoa kutu, ilitoa bilinganya,
ilitoa buluu ya shingo ya njiwa,
na vitundu, maelfu, alimopumulia moto akitoka,
na katika kimoja, mche wa nyanya
mdogo kuliko ukucha wa mtoto.
Nilikaa naye siku nzima. Sikula.

Nilimketisha hapo, kitenge cha samaki wa manjano.
Tulia, Mama.
Mpaka saa ngapi?
Mpaka imeze.
Akatabasamu, nikabonyeza, ikatafuna,
naye hakujua kwamba imekwisha piga,
akaendelea kutulia.
Tabasamu likachoka, likashuka lenyewe.
Macho yakanipita begani, yakaenda mbali.
Kitaa kikazimika. Nikabonyeza tena.

Usiku, kwenye kompyuta ya kukopa,
niliikuza ile ya pili hadi nikaingia ndani ya jicho lake.
Mlimani nyuma yangu kulikuwa na moshi; mle ndani ulikuwamo.
Na chini yake mtu amepinda mgongo,
mkononi ana kitu kirefu, cha ajabu.
Inajiona hapo, Mama.

Nilimpelekea. Aliishika kwa ncha za vidole,
akaisogeza mwangani, akaisogeza tena.
Kitambala kimekaa mubaya, akasema. Rudilia.

Betri ya nne ilikuwa imekufa.