Watu wa Kuzikana

Karani hakuinua macho.
"Babu wa baba yako alizikwa wapi?"
Nikasema Kibos, nyuma ya msikiti,
pale reli inapopinda kuikwepa miwa.
"Kila Mnubi husema Kibos," akasema.
"Lete karatasi."

Karatasi tunayo moja.
Hukaa katika kabati la msikiti
chini ya rundo la sanda na chupa ya marashi:
daftari la kijani, lililofungwa kwa ukanda wa gurbaba kuukuu
maana uti wake ulishavunjika.
Maalim Sebit alilifunua
kama afunuaye kidonda cha mtoto.
Safu ya kwanza: jina la maiti.
Ya pili: mwana wa nani.
Ya tatu: siku.
Ya nne, pana kuliko zote:
nani alichimba.

Nilisoma safu ya nne hadi adhuhuri ikaadhiniwa.
Mursal kamchimbia Rehan.
Rehan mwingine, mjukuu, kamchimbia Mursal
siku ya mvua: "maji yakaingia,
tukayakumba kwa ndoo ya madrasa."
Mwaka wa njaa kaburi moja lina wachimbaji wawili tu,
na pembeni, kwa penseli:
"wengine hawakuweza kusimama."
Yumo Onditi wa karakana ya reli, mara tatu,
na mwandishi hakuona haja ya kueleza
Onditi aliswali wapi, au kama aliswali.

Kisha ukurasa wetu.
Farajalla bin Al...
na hapo mchwa wamekula,
tundu safi, la mviringo, kama limekatwa kwa kikombe.
Mimi nikacheka. Maalim hakucheka.
Akanituma kwa Bi Bakhita.

Bi Bakhita ndiye mtunza sufuria za chama cha akina mama.
Tisa, zimefudikizwa uani,
kila moja na nambari yake kwa rangi nyekundu kitakoni.
"Ya saba," akasema,
akakishika kidole changu, akakipitisha ubavuni
palipobonyea.
"Hapa nyanya yako aliiangusha,
arobaini ya huyo umtafutaye.
Farajalla bin Almas.
Nilikuwa mdogo. Wali ukamwagika,
kuku wakala hitima kabla ya maalim."
Alisema kwa Kinubi,
na hapo pa kuku akaparudia polepole
ili nicheke kwa lugha inayostahili.

"Sufuria si ushahidi," akasema karani.
Nikampa nakala ya ukurasa.
Mashine ilikuwa imeligeuza tundu letu
kuwa doa jeusi, kubwa kuliko jina.
Akaligeuza huku na huku.
"Rudi Jumanne."

Alhamisi usiku akafa Mzee Khamis
aliyekuwa akiuza mafuta ya taa.
Hakuna aliyeniita. Haitwi mtu.
Nilijikuta tu uani kwa Bi Bakhita
nimeikumbatia ya saba, naisugua kwa jivu,
kushoto kwangu vitunguu, kulia kwangu mabishano
juu ya chumvi, juu ya nani alipika hitima ya nani
na nyama haikuiva.
Moshi wa kiwanda cha sukari ukatushukia
ukachanganyika na wetu.

Wanaume walirudi na udongo magotini.
Maalim akaketi barazani, akafungua ukurasa mpya,
akaandika wachimbaji, saba, mmoja baada ya mwingine.
Akasita.
Akaomba rula ya mtoto wa chuo,
akapiga mstari pembeni, ukapinda kidogo,
akaandika juu yake: *Waliopika.*

Mimi ni wa nne.
Ameandika Zamzamu,
na hiyo "u" mwishoni si yangu,
cheti changu cha shule hakina.
Wino ulikuwa bado mbichi.
Sikumwambia aifute.