Fomu Mbili

Fomu mbili ziko mezani, juu ya ankara ya maji.
Moja yanitaka mzima: koti jeupe, Jumatatu hadi Ijumaa,
na kiti changu cha kazini akikalie mwingine.
Ya pili yataka bando tu,
na usiku.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya luku:
ada, nauli, mshahara usiokuwepo.
Hesabu yasema, soma kwenye kioo.

Lakini Nafue, aliyenifunza pipeti pale Mikocheni,
hakusema neno siku ile.
Alinishika kidole gumba, akakibonyeza polepole
mpaka tone likapanda bila povu.
Kidole kinakumbuka hadi leo.
Kioo kitanishikaje kidole?

Jana saa sita usiku nikajaribu somo la bure.
Mhadhiri akaanza na jeni za muhogo,
mtandao ukakwama, mdomo wake ukabaki wazi.
Nikacheka peke yangu. Mwanangu akaamka,
akaja kulala pajani.
Uzito ule nao sikuuandika kwenye risiti.

Asubuhi nimejaza ile ya kioo.
Kisha nikatuma ujumbe:
Nafue, Jumamosi usifunge maabara.