Barakoa ya Maganda ya Chenza

Plastiki ya matundu, ilikandwa ingali moto
juu ya uso wa Baba
mwaka ule wa uvimbe nyuma ya pua.
Mara thelathini na tatu walimfunga nayo kitandani
asitikisike, miale isikosee njia.
Alipopona, Mama, asiyetupa kitu,
akaigeuza ungo, akaanikia maganda ya chenza.
Miaka kumi na minne jua la Shunde
lilipita puani mwa Baba kabla ya kuyafikia.

Jino ndilo lililotangulia kusema.
La kushoto, likacheza kama mpangaji anayetaka kuhama.
Likang'olewa. Kidonda hakikufunga.
Mdomo upande ule ukafa ganzi,
uji ukamchuruzika kidevuni bila yeye kujua,
nasi tukajifanya tunatafuta chumvi.

Jumapili akatoka roshani peke yake,
akamwaga maganda, akajivika barakoa.
Kulia ilimkaa kama jana.
Kushoto, vidole viwili vilipita
kati ya plastiki na taya.

Guangzhou, Daktari Szeto alichora juu ya bahasha:
saratani ya mfupa. Si ile ya zamani iliyorudi.
Hii ni mpya, huenda imezaliwa na tiba yenyewe.
Mama akauliza mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi:
"Tulikosea?"
"Hapana, mama. Bila miale ile
asingekuwapo wa kuugua hii."
Jibu hilo nimerudi nalo kwenye treni
kama yai na jiwe katika mfuko mmoja.

Watakata nusu ya taya. Mahali pake
watapandikiza mfupa wa mguu, ule mwembamba wa nje.
Baba, Au-yeung Pak-hung, fundi baiskeli,
anayejua kipuri kipi huingia wapi,
aliomba kalamu, maana kusema kunamuuma:
Basi nitatafuna kwa mguu.
Akacheka kwa jicho moja.
Wahenga walitenga kujikwaa kidole na kujikwaa ulimi;
kwake vyote vitapita njia moja.

Barakoa iko pale pale roshani.
Mama hajarudisha maganda.
Mvua ya jana iliingia kwa macho
ikatokea kwa mdomo.
Kesho, saa moja asubuhi, wanamwingiza.